Kiwanja cha Mzee Fakihi

Lihambala,
12 Januari 1995

Adija mwenzangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na wewe unijibu ya kwenu, Mungu ni huyo huyo. Sisi huku juu tupo. Mvua inanyesha mpaka kuku wamekata tamaa ya kutoka nje. Mama mkwe wangu, bibi Kunigunda, magoti yanamsumbua ila mdomo haujambo. Tadei naye mzima, isipokuwa amezidi ukubwa tangu wamchague tena uenyekiti wa kijiji. Ndiyo, kwenye karatasi za serikali bado sisi ni kijiji, ingawa tuna soko, zahanati, mashine za kusaga na duka linalouza soda baridi. Wenyewe tunasema mji, na atakayebisha apande mlima huu kwa miguu aje kutuambia.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mwezi wa nane mwaka huu Lihambala inatimiza miaka hamsini, ndivyo walivyoamua, na patakuwa na misa, ngoma na kitabu. Kitabu kitaitwa Historia ya Mji wa Lihambala. Anayekiandika ni Mwalimu Kilian, yule mrefu aliyehamia hapa wewe ukiwa umeshakwenda zako ziwani. Na mwenyekiti wa kamati ya kitabu ni nani? Tadei wangu. Usicheke.

Mwalimu ameandika kwamba mji ulianza mwaka 1945, lilipojengwa ghala la kahawa la chama cha ushirika. Kabla ya hapo, anasema, palikuwa na pori na mashamba tu. Bibi Kunigunda aliposomewa hayo aliuliza kama yeye alizaliwa na nyani. Ghala lenyewe siku hizi wanakaa popo. Chama hakijatulipa kahawa ya mwaka juzi, na sasa kila kitu ni ruksa, wanakuja wanunuzi binafsi na magari mapya wanatafuta mahali pa kujenga. Wiki iliyopita walikuwa wanazungukazunguka pale juu ya soko na kamba ya kupimia.

Nimeiambia kamati kwamba historia ya Lihambala bila duka la baba yako haiwezekani. Wakasema nilete maelezo. Mimi ninakumbuka pipi na harufu ya mafuta ya taa, basi. Wewe ndiye uliyelala nyumba ile. Niandikie alivyokuja, alivyoishi, yote. Na uandike haraka.

Nisalimie shemeji Ilyasi.

Mwenzako,
Vitalia


Lituhi,
2 Februari 1995

Shoga yangu Vitalia,

Waalaikum salaam kwa salamu yako ya kikristo, nimeipokea. Leo ni Ramadhani pili, kichwa kinaniuma kwa kukosa chai, na Ilyasi ameniletea usipa, dagaa zake za ziwani, niuanike kana kwamba mimi sina saumu. Kwa hiyo nikiandika kwa ukali usishangae.

Ati pori na mashamba. Mwambie Mwalimu Kilian aweke kalamu chini kwanza anisikilize.

Baba yangu Fakihi bin Omary alipanda mlima huo mwaka 1938, kwa miguu, kutoka huku ziwani, na chumvi mgongoni. Asili yao ni Kilwa, lakini yeye alizaliwa hapa Nyasa na Kilwa hakuwahi kuiona. Alikusudia kuuza chumvi arudi. Akanyeshewa, homa ikamlaza kwenye baraza ya babu yako mzee Stephano, na bibi yako Emerensiana akamnywesha uji wa ulezi mpaka akapata nguvu za kukaa. Alipokaa aliona nini? Aliona milima yote imechimbwa ngoro, yale mashimo yenu ya kulimia, kuanzia kileleni mpaka mtoni, yamepangwa safu kwa safu, na kila shimo lina mtu aliyelichimba na jina lake linajulikana. Alikuwa akituambia, "Niliona mji umelala ubavu." Huyo ni mfanyabiashara wa chumvi, hakusoma shule yoyote, na aliona mji. Mwalimu amesoma Songea na ameona pori.

Babu yako akamkatia kipande kwenye mteremko wa ukoo wenu, pale juu ya soko, akamwambia uza chumvi yako hapa ili wanawake wetu wasishuke ziwani kila mara. Tena soko halikuwepo. Soko lilikuja likamfuata yeye. Ghala likaja likafuata soko. Kama wanataka kusherehekea miaka hamsini ya ghala, wawaalike popo.

Aandike pia mwaka wa kuhamia vijijini, watu walipoletwa na malori wakashushwa sokoni na mvua inanyesha. Walilala wapi? Duka zima lilijaa watoto, mpaka juu ya kaunta, na mama alipika ugali kwenye pipa.

Na aandike mwaka 1983. Hapo najua wino utamkaukia. Aandike kwamba bidhaa zilipoadimika, baba alikuwa na katoni chache za sabuni ya kufulia, akawa anamkatia kila mtu kipande ili zimfikie kila nyumba. Mgambo wakazikuta, wakasema ameficha, ni mlanguzi, ni mhujumu wa uchumi. Asubuhi ile watu walikuwa kwenye foleni yake. Mchana wakaja kutazama akipakiwa kwenye Landrova. Alikaa mahabusu Songea mpaka wenyewe wakachoka naye, akarudi amekonda, duka limefungwa, na mwaka uliofuata tukamzika. Yule mwenye katoni za sabuni aliitwa mhujumu, na leo huyu mwenye magari mapya anaitwa mwekezaji na anatafutiwa kiwanja. Mimi sina elimu, Vitalia, lakini nina kumbukumbu, na sitaisahau mimi ili wao wasione haya.

Makaburi ya Lihambala yalikuwa ya wabatizwa. Akasema mwenyewe, nizikeni nyuma ya duka, pale nimeshapazoea. Kila Shaabani ninapanda kumsomea na kufagia. Mwaka huu mvua imekata barabara, sikufika, na inaniuma. Ukipita pale msalimie. Majani yakiwa marefu usishangae, ndiyo desturi yetu. Penye kaburi hatulimi, tunapaacha.

Wako,
Adija


OFISI YA MWENYEKITI WA KIJIJI
LIHAMBALA
20 Februari 1995

Ndugu Adija Fakihi,
Lituhi.

YAH: KUHAMISHWA KWA KABURI LA MAREHEMU MZEE FAKIHI OMARY

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Halmashauri ya Kijiji, katika kikao chake cha mwezi huu, imekubali ombi la kampuni ya ununuzi wa kahawa kupatiwa kiwanja kilichopo juu ya soko kwa ajili ya kujenga ghala la kisasa. Kiwanja hicho hakijalimwa wala kuendelezwa kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa desturi ya hapa ardhi ya namna hiyo inahesabika haina mwenyewe.

Imebainika kuwa ndani ya kiwanja lipo kaburi la marehemu baba yako. Kampuni kwa hiari yake itagharamia sanda mpya, usafiri, na shehe kutoka Mbinga mjini. Unaombwa ufike kwenye kikao tarehe 31 Machi kuonyesha mahali utakapopenda mabaki yahamishiwe. Usipofika, kazi itaendelea kwa heshima zote.

Ieleweke kwamba wananchi wamekaa msimu mzima bila kulipwa kahawa yao, na kampuni hii inalipa papo hapo. Maendeleo ni ya wote.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Tadei K. Ndunguru
Mwenyekiti


Lituhi,
5 Machi 1995

Mwenyekiti,

Barua yako imenifikia Idi mosi. Nimeisoma mara moja, imetosha.

Baba yangu hahami. Alihamishwa mara moja akiwa hai, mkampeleka Songea nyuma ya Landrova, na alirudi kwa miguu yake. Safari hii hawezi kurudi mwenyewe, kwa hiyo hataondoka.

Umeandika mabaki. Mabaki ni ya ugali. Huyo ni mtu, na kitambaa cha suti uliyofungia ndoa kilitoka kwenye rafu yake, tena alikuchagulia yeye kwa sababu wewe ulikuwa umeshika cha mapazia.

Ardhi ile ina mwenyewe. Amelala ndani yake.

Sanda mpya mkae nayo.

Adija binti Fakihi


Lituhi,
5 Machi 1995

Vitalia,

Nimeweka karatasi mbili kwenye bahasha mbili. Ya mumeo, Getrude muuza usipa atampa mkononi mwake, hii atakupa wewe pembeni.

Nakuuliza neno moja. Uliponiandikia habari za kitabu na watu wenye kamba ya kupimia, ulikuwa unajua kamba ile inapima nini? Uliniomba nikuandikie habari za baba kwa mapenzi, au mlikuwa mnataka kujua kama bado ninamkumbuka?

Nijibu bila kuzunguka.

Adija


Lihambala,
12 Machi 1995

Adija,

Nilijua.

Nalala na mwanaume aliyepiga mhuri, ningekosaje kujua? Nilifikiri nikipata maneno yako yakaingia kwenye kitabu kabla ya kikao, watashindwa kukigusa kiwanja cha mtu ambaye kitabu chao wenyewe kinasema ndiye aliyeanzisha soko. Niliwapelekea barua yako. Nikaisoma mbele ya kamati kwa sauti, mpaka pale pa popo. Mwalimu Kilian aliandikaandika. Tadei akasema ahsante, akaingia ajenda inayofuata. Sikukuambia yote kwa sababu nilitaka nikuletee jambo limeshakwisha, nisikuletee ugomvi. Nimekosea na nimekuona umeumia. Basi, hilo nimelisema.

Sasa sikiliza kosa liko wapi, kwa sababu wengi hapa si wabaya, hawakuelewa. Kwa Mmatengo, ardhi ukiiacha majani yakaota mwaka baada ya mwaka, umeiacha. Anayeitaka analaza majani, anachimba ngoro, anapanda, na yeye ndiye mwenyewe. Walipoona kiwanja cha Mzee kimeota majani mpaka kiunoni, walisema Adija amewasahau wafu wake. Nikawaeleza kwamba kwenu kuacha majani ndiyo kuheshimu. Wakanitazama kama ninawadanganya. Heshima gani ya kumwacha baba yako porini? Ndivyo walivyouliza, na waliuliza kwa dhati.

Tarehe 31 usije. Nakuomba sana. Ukija watakukalisha kiti cha mbele, watakupa soda, watakuuliza unataka wapi. Hapa mtu akishakaa kile kiti na kunywa ile soda, ameshakubali, hata akisema hapana mpaka jioni. Baki Lituhi.

Usiniulize mengine. Karatasi hii inapita mikono mingi kabla ya kufika kwako, na mkono mmoja ni wa nyumbani kwangu.

Vitalia


Lituhi,
28 Machi 1995

Vitalia mke wa Mwenyekiti,

Getrude amerudi jana na madebe matupu na habari iliyojaa. Alikuona wiki iliyopita kwa macho yake. Umefunga khanga kiunoni, jembe mkononi, unachimba kiwanja cha baba yangu. Na hukuwa peke yako, umeita na wenzako, na mama mkwe wako amekaa kwenye kigoda anawaelekeza. Anasema mmepanda na maharage.

Kumbe ndiyo maana ulinikataza nisije.

Yaani mwanamke ananiandikia kwa mkono wake kwamba anayechimba ngoro ndiye mwenye ardhi, halafu anachukua jembe. Hata mwizi wa kuku husubiri mwenye kuku alale. Wewe umenieleza kwanza utakavyoniibia, ukanisihi nibaki nyumbani, nami nikakusikiliza kwa sababu tumekula pipi moja kwa kupokezana mdomoni. Kampuni ni watu wa mbali, hawamjui baba. Wewe alikuwa akikuita binti yangu wa mlimani.

Maharage yako yakikomaa uyapike, na mle na mumeo, na yawakae tumboni.

Kiwanja nitakuja kukidai kwako, kwake, kwa kampuni, na kwa huyo Mwalimu na kitabu chake. Nimeshamwambia Ilyasi auze nyavu kama hapana nauli. Sina haja ya soda wala kiti.

Usiniandikie shoga, mwenzangu, wala ndugu.

Adija binti Fakihi


Lihambala,
6 Aprili 1995

Adija,

Barua yako nimeisoma mbele ya bibi Kunigunda. Amecheka mpaka akakohoa. Akasema, "Huyu ana hasira nzuri. Mwambie aje nayo, tunaihitaji."

Sasa nitakueleza yote, kwa sababu yameshatendeka na hakuna wa kuyazuia.

Nilipotoka kutuma ile barua ya tarehe 12 nilikwenda kwa bibi, nikamwambia mama, kama ardhi isiyolimwa haina mwenyewe, je, tukimlimia? Akasema, "Mlimieni basi." Tukawaambia wanawake wa jumuiya, mmoja mmoja, kisimani. Hakuna aliyekataa isipokuwa wawili, na mmoja ana mtoto mchanga.

Tatizo lilikuwa majani. Unajua kwetu mwanaume ndiye anayefyeka majani na kuyalaza, mistari kwenda na mistari kukata, halafu mwanamke anachimba katikati na kuyafukia. Hivyo ndivyo ilivyo tangu milima hii ipo. Tukawaomba waume zetu. Adija, wanaume wote wa Lihambala waliugua mgongo siku moja. Walimwogopa Tadei, na walitaka ghala, na sikuwalaumu sana maana na mimi kahawa yangu haijalipwa. Wakasema wapo wanaotaka kuona wanawake wakilaza majani, kwa sababu ngoro ya namna hiyo mvua ya kwanza itaishusha mpaka sokoni.

Tulifyeka wenyewe. Tulilaza wenyewe. Mistari yetu imepinda, sitakudanganya, ukiiona utasema ni mlevi kapita. Tulichimba siku tatu, tukapanda maharage, na hapo ndipo Getrude alipotuona akakubebea nusu ya habari. Mvua imeshanyesha mara nyingi tangu siku hiyo, na kubwa. Hakuna hata tuta moja lililoshuka.

Sikukuandikia kwa sababu Tadei hufungua barua zangu kabla hazijapanda gari. Angejua siku ya kufyeka, wangeleta mawe na saruji usiku ule ule. Nilipendelea unichukie wiki tatu kuliko wamtoe Mzee.

Tarehe 31 wakaja. Gari la kampuni, vijana wenye sururu, shehe kutoka Mbinga, na Tadei na suti. Wakakuta maharage yameota, majani mawili mawili, kijani kiwanja kizima, na sisi tumesimama kila mmoja kwenye shimo lake. Hapa hata shamba la ugomvi likishaota, mtu hang'oi. Anasubiri livunwe ndipo kesi iendelee. Anayeng'oa chakula kilichoota hazikwi na watu.

Tadei akauliza kwa sauti ya mkutano, "Shamba hili la nani?"

Bibi Kunigunda akamjibu kutoka kwenye kigoda, "La Adija binti Fakihi. Sisi vibarua wake."

"Vibarua kwa malipo gani?"

"Atatuletea usipa. Wewe inakuhusu nini? Kama unataka kung'oa, ng'oa, mwanangu. Anzia shina hili hapa karibu na mguu wangu, nikuone."

Tadei hakuinama kung'oa. Nilimwonea huruma, ni mume wangu. Mtu wa kampuni akamwambia tuendelee, mheshimiwa. Shehe ndipo akauliza kama binti wa marehemu ameridhia. Tukamwambia hajaridhia, ameandika hapana. Akasema, "Mimi niliambiwa ameridhia," akarudi kukaa kwenye gari, akafunga mlango. Baada ya shehe, na wale vijana wakaweka sururu begani.

Kaburi hatukuligusa. Tumeacha majani yake yote, kuanzia pale ulipokuwa ukuta wa nyuma wa duka kabla halijaanguka. Kama kwa dini yenu tumekosa kuchimba karibu, kosa ni langu peke yangu, utanisema ukifika.

Maana sasa ndiyo unatakiwa uje. Maharage yanataka kupaliliwa, na mwenye shamba asipoonekana watasema tumemsingizia mtu asiyekuwepo. Njoo na jembe, na njoo mchana watu wakuone. Tadei anakula kwa mama yake siku hizi. Anampikia maharage matupu.

Vitalia


Lituhi,
14 Aprili 1995

Shoga,

Nimelia, halafu nikaona haya, halafu nikaenda kumkemea Getrude, ambaye hakukosa chochote. Yale ya maharage kuwakaa tumboni nayafuta. Mengine niliyokuambia utanipa kipigo changu nikifika.

Nimemuuliza maalim wa hapa kuhusu kulima karibu na kaburi. Ameniuliza mmelikanyaga? Nikasema hapana. Amesema basi Mungu anajua walichokuwa wanalinda. Hata angesema vingine ningekuja.

Ilyasi ananicheka. Anasema wewe na ukoo wenu mzima hamjawahi kushika jembe, mmeshika mizani tu. Ni kweli. Nimenunua jembe jana sokoni, na muuzaji ameniuliza ni la nani. Nimemwambia la kwangu, ninalo shamba Mbinga.

Ninapanda Jumatatu na gari la usipa. Madebe mawili ni ya vibarua wangu.

Adija


Lihambala,
18 Julai 1995

Shemeji Adija,

Leo siandiki kwa mhuri. Natumaini nyote hamjambo na mikono imepona. Siku ile ya palizi ya kwanza nilikuwa nimesimama ofisini dirishani nikakuona malengelenge yanapasuka na hutaki kupumzika. Mama yangu alisema unachimba kama mtu anayeua nyoka. Lakini ulimaliza.

Nakuarifu mambo mawili. La kwanza, kampuni imepata eneo jingine chini, karibu na daraja, na imeanza kununua kahawa. Inalipa, sitasema uongo, ingawa mizani yao wananchi wanailalamikia. Halmashauri imeandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kiwanja cha juu ya soko kinalimwa na mwenyewe anajulikana. Hakuna atakayekuuliza tena. Maharage yako yamevunwa, Vitalia atayaleta. Nami nimerudi kula nyumbani, ikiwa hilo unataka kulijua.

La pili, kitabu kinakwenda kuchapwa. Nimezungumza na Mwalimu Kilian na kamati, na haikuwa rahisi, kwa sababu wapo wanaosema mambo ya 1983 yanaleta chuki na mwezi wa kumi kuna uchaguzi. Tumefikia muafaka. Marehemu Mzee Fakihi atapewa mistari miwili mizuri katika sura ya mwisho, yenye kichwa Wageni Waliofika Lihambala, pamoja na mapadre, mabwana shamba na Mhindi aliyeleta mashine ya kwanza ya kusaga. Ya 1983 hayatakuwepo. Naamini utaona ni heshima. Tuandikie mistari hiyo miwili wewe mwenyewe, ifike kabla ya mwisho wa mwezi.

Shemeji yako,
Tadei


Lituhi,
25 Julai 1995

Shemeji Tadei,

Mikono imepona, imebaki sugu, nami nawaonyesha watu. Nimefurahi umerudi kula kwako. Vitalia ni mpishi mzuri akiwa hana hasira.

Kwa barua yako, ahsante, tena ya kweli. Najua kusimama dirishani kulivyo kugumu kwa mtu aliyezoea kusimama mbele.

Lakini mistari miwili siandiki.

Baba yangu hakuwa mgeni. Mgeni unamuuliza anaondoka lini. Padre aliondoka, bwana shamba alihamishwa, Mhindi aliuza mashine akaenda Dar es Salaam, nao ni watu wema, waandikeni humo. Fakihi bin Omary alifika Lihambala ana miaka ishirini na kitu, akaoa akiwa hapo, akazaa hapo, akafungwa kwa ajili ya hapo, akatolewa, na akiwa na dunia nzima ya kwenda alipanda mlima ule mgonjwa akarudi hapo hapo kufa. Mmejaribu kumwondoa mara mbili. Ni wakazi wangapi wa Lihambala wamepewa mtihani huo, wakaupita? Wewe mwenyewe hujapewa.

Kwa hiyo mwambie Mwalimu Kilian hivi. Kama ana sura ya wakazi, amweke humo, na mwaka 1983 uwe humo humo, na katoni za sabuni, na Landrova, na foleni iliyogeuka. Wanaoona chuki kwenye habari hizo ndio waliokuwa kwenye foleni, na sijawachukia, nawauzia usipa mpaka leo. Kama sura hiyo haina nafasi, amwache nje kabisa. Kitabu kitakwenda nusu bila yeye, na wanaojua kusoma wataona pengo lilipo. Uchaguzi utapita, shemeji. Pale juu ya soko yeye yupo mkimwandika, na yupo msipomwandika.

Mahindi nakuja kupanda mwezi wa kumi na mbili. Wanawake wameniambia safari hii matuta yanafunguliwa na mwenye shamba mwenyewe, na mimi sihitaji kufundishwa mara mbili.

Msalimie mama. Mwambie usipa upo.

Adija binti Fakihi,
mkulima, Lihambala